Ruhusa ya Malkia wa Nansha

Mpangaji mpya wa chumba cha chini anauza vyombo vya Kichina, na kila asubuhi kabla ya kufungua duka lake huwasha vijiti vitatu vyembamba vyekundu. Moshi wake ni mtamu na mzito, haufanani na udi wetu. Majirani wanalalamika. Mimi siku ya kwanza moshi huo uliponifikia ngazini nilisimama na mfuko wangu wa mchicha mkononi, na kabla sijajua ninachokiwaza nilikuwa na miaka tisa, nimevaa raba zinazonibana, napanda ngazi za mawe huku nimeficha kipande cha katoni ndani ya gauni. Nilikuwa nakwenda kuonana na Malkia.

Wenzangu mliokua zama zile mtakumbuka jinsi kila kitu nyumbani kilivyoanza ghafla kutoka China: ndala, tochi, midoli, hata kapeti la msikitini. Mimi nilikaa huko vilikotoka. Bibi aliyekuwa akinilea Tanga alipofariki, Mama alikuwa Guangzhou akisomea uhandisi wa maji kwa ufadhili. Alikuja kuzika, akakaa siku kumi na moja, akaondoka na mimi, kwa kuwa Mama Mkubwa, dada yake, wakati ule alikuwa akimuuguza mumewe na hakuwa na mikono ya kutosha. Baba simjui ila kwa picha.

Mabweni ya chuo hayakuruhusu watoto. Kwa hiyo tulipanga chumba mtaa wa Xiaobei, nyuma ya barabara ya Huanshi Zhonglu, pamoja na Bi Salma, mfanyabiashara wa Kariakoo aliyekuwa akinunua nguo na kuzisafirisha nyumbani kwa kontena. Mama aliondoka asubuhi na vitabu vyake. Mimi nilifuatana na Bi Salma. Shule yangu ikawa Guangyuan Xilu, katika yale majumba makubwa ya nguo za jumla, ambako wapagazi walipita mbio na marobota mgongoni wakipiga kelele tuwapishe. Nilijua kumwita mwenye duka laoban. Nilijua kusema buyao, sitaki, kwa uso mkavu, kisha kugeuka kama ninayeondoka mpaka mwenyewe aniite. Baada ya miezi michache Bi Salma alikuwa ananitanguliza mimi. "Sema naye, Hawa," ananiambia, "mimi ulimi wangu mzito." Nikawa naona nimekuwa mtu mkubwa. Sikuwa na habari kwamba kila jioni nilipomsimulia Mama nilivyomshinda fulani bei, yeye alikuwa akizidi kunyamaza.

Siku moja nilimsikia akizungumza kwa simu na Mama Mkubwa. Nilikuwa nimelala, au nimefumba macho tu, kama watoto wafanyavyo wakitaka kusikia. Akasema, "Nimeshaomba mara tatu, dada. Wa chini wote wamekubali. Lakini bila ruhusa ya wale wa juu, mtoto hawezi." Akasikiliza. Akasema tena, "Basi ndiyo hivyo. Atarudi."

Atarudi. Neno hilo nililibeba siku mbili nzima kama jiwe kwenye kiatu. Siku ya tatu nilimuuliza Bi Salma, tukiwa tunafunga marobota, mkubwa wa juu kabisa hapa anakaa wapi. Bi Salma alikuwa mtu wa mzaha, na siku ile kontena lake lilikuwa limechelewa bandarini Nansha.

"Wa juu kabisa?" akasema akiuma uzi kwa meno. "Si yule Malkia wa Bahari. Anakaa Nansha, kilimani, kwenye majumba ya kifalme yamepandana moja juu ya jingine. Meli haitoki pale mpaka aombwe ruhusa. Hata hili kontena langu, naona hajalisaini."

"Ukimwomba anakubali?"

"Akipenda."

Kwake ulikuwa utani wa mchana. Kwangu mambo yote yalipangika. Kumbe yupo. Kumbe anakaa juu kweli, kilimani, na Mama alikuwa amewaomba wa chini tu. Nilimhurumia Mama, amesoma kote huko na hajui pa kwenda.

Kwenye jengo tulilokuwa na stoo palikuwa na mwanamke anayeuza vifungo. Nilimwita Ayi, ndivyo kule wanavyoitwa kina mama wadogo. Nilimfuata na kipande cha katoni nilichokikata mwenyewe kutoka kwenye boksi, nikamwomba aniandikie kwa herufi zao: nataka kukaa na mama yangu, naomba ruhusa.

"Ya nani hii?" akaniuliza.

"Ya mkubwa wa juu."

Akacheka. Kisha akanitazama, akaacha kucheka. Aliandika polepole kwa kalamu nene, herufi zikawa nyingi kuliko nilivyotarajia, lakini sikuwa na uwezo wa kuzisoma. Nilijua kusema tu.

Wiki ileile Bi Salma alipokuwa na safari ya Nansha kusimamia kontena likifungwa, nikamng'ang'ania Mama twende naye, nikaone majumba ya kilimani. Nilitegemea akatae. Mama hakuwa mtu wa matembezi. Siku za mapumziko alilala na kamusi kifuani. Lakini alinitazama kwa muda, akasema, "Sawa. Twende. Na mimi nina jambo nataka kuzungumza nawe."

Tulipanda basi asubuhi na mapema. Jiji halikutaka kwisha. Kila nilipodhani tumetoka, majengo mapya yalijitokeza yamevikwa nyavu za kijani, winchi juu yake zikizunguka, na barabara zinazojengwa zikaning'inia hewani bila kufika popote. Halafu yakaja mashamba ya migomba na mabwawa ya samaki, na Bi Salma akasema hewa imeanza kunuka nyumbani. Alishuka kabla yetu karibu na bandari, simu mbili mkononi, akatuambia tukutane kituoni alasiri.

Majumba niliyaona kabla basi halijasimama. Bi Salma alikuwa hajadanganya hata kidogo. Kilima kizima kilikuwa kimeezekwa vigae vya rangi ya dhahabu, jumba juu ya jumba, ncha za mapaa zimekunjwa kwenda juu, na kileleni kabisa mnara. Chini uwanjani, ukielekea majini, alisimama mwanamke wa jiwe jeupe, mrefu kuliko nyumba, mavazi yake yametulia kama hakuna upepo.

"Huyu ndiye?" nikauliza.

"Ndiye. Hii sanamu yake tu," Mama akajibu. Alimaanisha ni sanamu, basi. Mimi nikaelewa kwamba mwenyewe yuko ndani.

Tukakata tiketi, tukaanza kupanda. Kwenye jumba la kwanza palikuwa na masanamu mawili ya kutisha, meno nje, macho yamewatoka. Mmoja ameinua kiganja juu ya macho kama anayetazama mbali. Mwingine ameelekeza kidole sikioni. Nikaelewa mara moja: huyu anatafuta wasio na makaratasi, na huyu anasikiliza nani anasema uongo. Nilirekebisha gauni, nikapita katikati yao bila kupepesa macho, maana nilikuwa siendi kusema uongo.

Kila jumba nililodhani ndilo la mwisho lilikuwa na jingine nyuma yake, juu zaidi. Jua lilikuwa kali, mawe yanarudisha joto miguuni. Mama alikuwa hajalala vizuri kwa wiki nzima kwa sababu ya mitihani. Kwenye jumba la pili akakaa kivulini, akafungua chupa ya maji.

"Hawa, tumeona. Haya majumba yote yanafanana. Kaa hapa tuzungumze."

"Bado hatujafika juu."

"Nina jambo la kukwambia, mwanangu."

"Utaniambia juu."

"Miguu imeniuma."

"Basi ningoje. Nitakwenda mwenyewe."

Akanitazama kama aliyemwona mtu anayemfahamu. Akafunga chupa, akainuka. Nakumbuka mkono wake ulivyokuwa umelowa jasho ndani ya wangu, na jinsi nilivyokuwa mimi ninayemvuta. Nilikuwa nahesabu ngazi kwa Kichina ili nisichoke, na kila nilipofika mia nilianza upya.

Jumba la juu lilikuwa na giza la baridi ndani, na moshi ule. Mama alisimama mlangoni. "Mimi siingii. Wanaabudu humo. Ingia utazame, utoke."

Niliingia. Na Malkia alikuwepo. Alikaa nyuma kabisa, mwenye mavazi ya dhahabu, uso wa waridi mnene, na shanga zimening'inia kutoka kwenye taji mbele ya macho yake, kama bibi harusi asiyetaka kuangaliwa. Mbele yake palikuwa na sahani za machungwa na matofaa. Palikuwa na mito mekundu sakafuni, na watu walipiga magoti juu yake, wakainama, wakasema maneno yao kimyakimya. Kumbe ndivyo inavyoombwa ruhusa. Nikangoja zamu yangu. Mwanamke mmoja alipoinuka nikapiga magoti palepale penye joto lake, nikachomoa katoni kifuani, nikaiweka kati ya machungwa, maandishi yakimtazama yeye. Nikasema kwa Kichina changu cha sokoni, kwa sauti ili asikie, maana alikuwa mbali kidogo: "Laoban, nataka kukaa na mama yangu."

Nilishikwa bega nikainuliwa juu kwa mkono mmoja.

"Unafanya nini?" Mama alikuwa ameingia na viatu vyake na hofu yake yote. "Hawa! Sisi tunampigia magoti nani? Tumekufundisha hivyo?"

"Namwomba—"

"Humwombi! Huyu ni sanamu! Ni mti na rangi!"

Watu wakageuka. Mlinzi wa mahali pale, mwanamke mnene wa nguo za buluu mwenye ufagio, akatufuata mpaka nje. Nilijua sasa tumefukuzwa, yamekwisha. Lakini hakuwa amekasirika. Alikuwa ameshika ile katoni yangu. Akaisoma, akanitazama, akamkabidhi Mama kwa mikono miwili, kama wanavyokabidhiana vitu vya maana kule, na akarudi ndani.

Mama alikuwa amesota mwaka mzima kujifunza zile herufi kabla hawajamruhusu kugusa somo lake. Aliisoma akiwa amesimama. Kisha akaketi kwenye ngazi, akaisoma tena.

"Nani kakuandikia?"

"Ayi wa vifungo."

"Unajua imeandikwa nini?"

"Nataka kukaa na mama yangu. Naomba ruhusa."

"Na chini yake?"

Sikujua kama kuna chini yake. Mama akanisomea: "Mtoto huyu ana akili. Tafadhali asikilizwe."

Tulikaa pale. Mbele yetu mto ulikuwa umepanuka mpaka umekuwa bahari, rangi ya chai ya maziwa, na meli ndogondogo kama punje zilikuwa zimesimama zikingoja. Nilimweleza yote. Simu niliyoisikia, wa chini na wa juu, Malkia na meli. Nilieleza kwa kirefu, nikijitetea, na nilipomaliza Mama alikuwa anacheka na kulia pamoja, mkono mdomoni.

"Wa juu," akasema, "walikuwa wakubwa wa shule. Shule, Hawa. Kuna shule karibu na chuo, walimu walikutaka, wakubwa wao wakakataa kwa sababu ya makaratasi yetu. Mara tatu. Hakuna Malkia."

"Kwa hiyo nani anasema nirudi?"

Akafuta uso. Angeweza kusema serikali, au wale wakubwa, na ningemwamini. Nilikuwa tayari kuamini lolote. Hata leo namheshimu kwa kuwa hakufanya hivyo.

"Mimi," akasema. "Ni mimi niliyeamua. Ndilo jambo nililotaka kukwambia tangu kule chini. Utaondoka na Bi Salma wiki ijayo. Mume wa Mama Mkubwa amepona, chumba chako kipo, shule ipo."

Nikafikiri. Kisha nikafanya nililoliona kuwa la haki. Nikashuka ngazi moja, nikamgeukia, nikasema, "Basi nakuomba wewe. Mama, naomba ruhusa nikae."

Aliuma midomo. Ninajua sasa, nami nikiwa na umri wa kumpita yeye siku ile, gharama ya jibu lile.

"Hapana, mwanangu."

Nikaondoka. Sikukimbilia chini. Nilikwenda juu, kwenye mnara, kwa kuwa ndiyo sehemu pekee iliyobaki ya kwenda. Nikapanda ngazi za mbao zinazozunguka, ghorofa baada ya ghorofa, nikisikia nyayo zake nyuma yangu na pumzi yake ikikatika, naye haniiti nisimame wala harudi nyuma. Juu kabisa nikagonga ukingo. Hakukuwa na pa kwenda tena. Mama akafika, akashika nguzo, akahema mpaka akapata sauti.

"Unajua mimi ni wa ngapi darasani?" akasema.

Nikaendelea kutazama meli.

"Wa mwisho. Nina miaka thelathini na mbili, nakaa na watoto wa miaka ishirini, na mimi ndiye wa mwisho. Neno wanalolielewa kwa mara moja mimi nalitafuta mara nne. Kila siku nasema leo naacha. Siachi. Kwetu maji yanatoka kwa wiki mara moja, na mimi nataka kujua kwa nini, na nataka kuyarekebisha kwa mikono yangu. Siachi, Hawa. Lakini siwezi kupata changu kwa wewe kukosa chako. Mwaka mzima hujakaa kwenye dawati."

"Najua kuhesabu."

"Unajua kuhesabu marobota."

"Bi Salma anasema bila mimi hawezi kununua."

"Ndicho kinachoniogopesha," Mama akasema. "Kwamba umekuwa hodari."

Sikumwelewa. Nilimwambia tu, nikiwa bado nimempa mgongo, kwamba kama nakwenda basi nakwenda, lakini yeye asiwe wa mwisho tena. Akasema sawa. Nikasema, "Apa." Akasema hataapa, atafanya. Tukashuka.

Kituoni Bi Salma alitukuta tumekaa mbali mbali kidogo, akatuangalia mmoja mmoja. "Mmeyaona majumba?" akauliza. Hakungoja jibu. Alinunua maembe yaliyokatwa, akanipa mimi fungu kubwa.

Niliondoka wiki iliyofuata kama ilivyosemwa. Mama alitufikisha uwanja wa ndege, akanifunga kamba za raba, ingawa nilikuwa naweza kufunga mwenyewe, na nikamwacha afunge.

Tanga waliniweka darasa la pili na watoto wa miaka saba, kwa sababu kusoma kwangu kulikuwa kumelala. Nilikuwa mrefu kuliko dawati. Waliniita Mchina. Mwalimu aliponiita ubaoni kuandika sentensi, chaki ilivunjika mkononi na darasa zima likacheka. Jioni nilijifungia na vitabu vya binamu yangu na kusoma mpaka Mama Mkubwa anapiga mlango nile. Sikuwa nasoma kwa mapenzi ya elimu. Nilikuwa nasoma kwa hasira. Nilikuwa na mtu wa kumwonyesha. Mama alipopiga simu nilimpa majibu mafupi: ndiyo, sijambo, tumekula. Aliniambia muhula ule hakuwa wa mwisho, kuna kijana amekuwa nyuma yake. Nikasema vizuri. Muhula mwingine walikuwa nyuma yake wanne.

Ilichukua miaka mitatu. Siku aliyorudi hakuna aliyenitayarisha. Ndege yake ilikuwa imesogezwa mbele. Nilitoka shuleni nikamkuta amesimama uani kwa Mama Mkubwa, amekonda, miwani machoni ambayo siijui, mabegi bado yamefungwa miguuni pake. Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Nilikuwa nimepanga siku ile kwa njia nyingi kichwani, na katika zote mimi ndiye niliyekuwa na maneno. Yote yaliniponyoka.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba." Hakunisogelea. Naona aliogopa nisimkubali. "Uko darasa la ngapi?"

"La tano."

"Wa ngapi?"

"Wa tatu."

Akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu anayepokea taarifa nzito kazini. Kisha akaketi juu ya begi lake, akavuta begi la pili karibu, akalipigapiga kwa kiganja ili niketi.

"Nionyeshe madaftari," akasema.

Nikayatoa yote, hisabati, Kiswahili, sayansi, Kiingereza. Alianza na la kwanza, ukurasa wa kwanza, na hakuruka hata mmoja. Aliposhindwa kusoma mwandiko wangu aliniuliza, nami nikamsomea. Mama Mkubwa alitoka mara mbili kutwambia chakula kinapoa, mara ya tatu akaleta sinia uani na kuliweka chini. Tulikuwa bado kwenye hisabati.